Moto uliotoka nyuma ya injini ya ndege ilipokuwa ikiwashwa

Mkaazi wa Shela, Malindi

Assalaam aleikum ndugu zangu. Juma lililopita nilimsindikiza shangazi yangu, mwenye umri wa miaka 71, kwenda Nairobi kutibiwa macho, na kwa kuwa hatukupata nafasi katika ndege ya hapa Malindi, tulikwenda kupanda ndege kubwa ya jeti Mombasa. Magharibi ilikuwa imeingia. Tulikaa nyuma ya bawa la kulia. Injini ilipoanza kuvuma nilisikia mshindo mzito, kama tanga lililojaa upepo kwa ghafla, kisha ukachomoza nyuma yake mwali wa rangi ya machungwa, mrefu kuliko mtu, ukaangaza lami yote. Abiria wakasimama, na mmoja akashika mkono wa mlango wa dharura hadi mhudumu alipompigia kelele aketi. Baada ya kama nusu dakika moto ulizimika, ilhali injini ilikuwa bado inazunguka. Linalonisumbua ni hili: mbona rubani hakuisimamisha injini palepale, wala hakumwaga dawa ya kuzimia moto? Shangazi sasa anasema atarudi kwa basi, nami sitaki kumwambia lisilo kweli.

Fundi Mstaafu, Lamu

Waaleikum salaam dada, na poleni kwa hofu iliyowapata. Injini ya jeti huzungushwa kwanza na stata, ambayo kwa kawaida husukumwa na hewa ya injini ndogo iliyo mkiani mwa ndege. Kasi ikishatosha, mafuta hufunguliwa na plagi hutoa cheche. Cheche ikichelewa, au ikiwa jaribio la kwanza la kuwasha lilishindikana, mafuta yasiyoungua hutuama ndani ya injini na katika bomba lake la nyuma, na yanaposhika moto huwaka yote kwa pamoja. Mafuta ya ndege ni ndugu wa mafuta ya taa, kwa hiyo aliyewahi kuwasha karabai la kuvulia usiku analijua jambo hili: ukiyafungua mafuta kabla koo la karabai halijapashwa moto kwa spiriti, hutoka yakiwa majimaji, na badala ya mwanga mweupe hupanda mwali mwekundu wenye masizi. Upepo nao huchangia, kwani ndege iliyoupa kusi mkia hupulizwa kutoka nyuma, na hewa ndani ya injini hupita kwa shida.

Sasa swali lako. Moto ule ulikuwa ndani ya njia ileile ambamo moto wa injini hukaa siku zote. Vihisi vya moto vimefungwa nje ya kiini cha injini, baina yake na ganda, na dawa ya kuzimia humwagwa hukohuko, hivyo isingeufikia. Rubani mwenyewe huenda asione taa yoyote ya moto ikiwaka mbele yake. Mara nyingi huarifiwa na fundi aliye chini, na wahudumu au na mnara wa kuongozea ndege. Analotakiwa kufanya ni kufunga mafuta na kuendelea kuizungusha injini kwa stata ili hewa iyapeperushe mabaki. Kuzunguka kule ulikokuona ndiko kulikouzima moto.

Tatizo hili lina umri sawa na injini zenyewe. Frank Whittle, mmoja wa waliobuni injini ya jeti, alipoiwasha injini yake ya kwanza huko Rugby, Uingereza, mwezi Aprili 1937, iliendelea kuongeza kasi hata baada ya kufungiwa mafuta, kwa sababu yaliyovuja yalikuwa yametuama ndani.

Msafiri wa Manda

Nakushukuru, fundi, lakini tusiwalaumu walioinuka vitini. Agosti 22, 1985, huko Manchester, Uingereza, watu 55 walikufa kwa moto ulioanzia kwenye injini ya ndege. Abiria atatofautishaje?

Fundi Mstaafu, Lamu

Hoja yako ni ya haki. Manchester ndege ilikuwa ikishika kasi ya kuruka, chumba cha mwako kikapasuka, na kipande chake kikatoboa tangi la mafuta bawani. Moto ule ulikuwa nje, ukilishwa na mafuta yaliyokuwa yakimwagika. Abiria hatakiwi kuyapima hayo. Amwite mhudumu na amweleze alichokiona: ni upande gani, na je, mwali unatoka bombani au uko chini ya bawa? Mlango asiufungue kwa uamuzi wake, kwa sababu injini ya pili huenda inazunguka, na watu wanaokimbia gizani huweza kuielekea. Kosa ninaloliona katika kisa cha dada ni ukimya, ikiwa kweli hamkuelezwa kitu.

Mkaazi wa Shela, Malindi

Tulielezwa baada ya robo saa nzima, kwa sentensi moja, wakati shangazi alikwisha soma dua zote anazozijua. Nimemsomea majibu yenu. Palipotajwa karabai alinisimamisha, akanisimulia jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akilipasha ufukweni huku amegeuza uso pembeni. Amekubali kurudi kwa ndege Jumanne, ila ameomba kiti cha mbele ya bawa.