Cheti cha AGPO na hoteli inayotaka "kampuni ya wanawake": tuanze na lipi, na bei tuipange vipi?

mshonaji_likoni

Hamjambo humu. Tuna kampuni ndogo ya ushonaji huku Likoni, limited. Wanawake watatu tuna hisa 70 kati ya 100, na fundi mkataji, ambaye ni mwanamume, ana 30. Sote wanne ni wakurugenzi. Akaunti ya benki inatolewa pesa kwa sahihi mbili zozote.

Kuna tenda ya kaunti ya ovaroli 200 iliyotengewa wanawake, inayotaka cheti cha AGPO, yaani mpango wa serikali ya Kenya wa kuwatengea wanawake, vijana na walemavu sehemu ya zabuni zake. Pia kuna hoteli Diani, ya kundi lenye makao makuu ng'ambo, inayotaka uthibitisho kwamba kampuni ni ya wanawake kabla haijatuweka kwenye orodha ya wasambazaji. Maswali yangu: hisa zetu zinatosha? Cheti cha AGPO kitakubalika hotelini? Na bei ya ovaroli tuipangeje tusije tukashona kwa hasara? La mwisho, kuna dalali anayetuambia tukishapata cheti tumkodishe, atatupa asilimia 10 ya kila tenda.

---

Mnunuzi_Pwani

Dada, hisa zinatosha ila uongozi hautoshi. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, kifungu cha 157, inataka wanawake wawe angalau asilimia 70 ya wanachama, na uongozi uwe wao kwa asilimia 100. Asilimia 70 mnayo, tena kamili bila ziada. Lakini CR12 yenu, ile hati ya msajili inayotaja wakurugenzi na wanahisa, itaonyesha mkurugenzi mwanamume, na ombi litakwama hapo. Fundi abaki na hisa zake 30, ajiuzulu ukurugenzi, mabadiliko yaingizwe kwa msajili wa kampuni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha mtoe CR12 mpya. Msipeleke ile ya zamani mkidhani hakuna atakayeisoma.

Ya pili ni benki. Malipo ya tenda zilizotengwa yanapaswa kuingia kwenye akaunti ambayo sahihi ya lazima ni ya mtu wa kundi husika. "Mbili zozote" ina maana kuna siku fundi na mwenzenu mmoja wanatoa pesa bila mwenyekiti kujua. Andikeni azimio la bodi, lipelekeni benki, iwe "mwenyekiti lazima, pamoja na mmoja".

Kuomba cheti hakuna ada. Mnahitaji cheti cha usajili, CR12, PIN ya kodi ya kampuni, cheti cha uzingatiaji kodi cha KRA (mamlaka ya mapato) kilicho hai, na vitambulisho. Kikitoka kinadumu miaka 2. Angalieni tarehe ya cheti cha kodi kuliko kitu kingine chochote: kikifa siku moja kabla ya zabuni kufunguliwa, mko nje, na hakuna wa kuwasikiliza.

Sasa zabuni yenyewe. Kampuni ndogo nyingi haziangukii kwenye bei. Zinaangukia kwenye ukaguzi wa kwanza wa karatasi, ambao ni wa ndiyo au hapana. Kurasa zote zipewe namba kwa mfululizo tangu ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na viambatisho. Hilo limo ndani ya sheria na watu wanatupwa nje kwa ajili yake kila siku. Hamhitaji dhamana ya benki, kwa kuwa makundi haya yanajaza na kutia sahihi fomu ya tamko la dhamana ya zabuni, lakini wengi wanasikia "hakuna dhamana" wanaiacha fomu tupu. Halafu hesabu: jumla mtakayoandika kwenye Fomu ya Zabuni ndiyo itakayosomwa mbele ya watu na ndiyo itakayowafunga. Mkikosea kuzidisha kwenye jedwali la bei, msitarajie kamati iwasahihishie. Mtu mwingine, asiyeandika ile fomu, aipige hesabu upya kwa kikokotoo.

Mkishinda mtapata barua ya taarifa. Naomba hapa msome polepole: barua hiyo si mkataba. Mkataba hauwi mkataba mpaka utiwe sahihi na pande zote mbili, na hautiwi sahihi kabla ya siku 14 kupita tangu taarifa, kwa sababu walioshindwa wana siku hizo 14 kwenda Bodi ya Mapitio, inayosikiliza malalamiko ya zabuni za umma. Ikiwasilishwa kesi, Bodi ina siku 21 za kuamua. Mkikata kitambaa siku ya barua, mmekata kwa hatari yenu wenyewe. Na mkishindwa ninyi, siku hizo 14 ni zenu pia. Ombeni sababu kwa maandishi mara moja, msingoje siku ya 13.

Hoteli ni habari nyingine. Lile fungu la asilimia 30 ya ununuzi linalotengewa makundi haya linaibana serikali na taasisi zake, halibani kampuni binafsi. Makao makuu yao ng'ambo yana kipimo chao, na kilichoenea ni asilimia 51: kampuni imilikiwe, isimamiwe na iongozwe na wanawake kwa kiasi hicho angalau. WEConnect International, shirika linalothibitisha kampuni za wanawake na kuziunganisha na wanunuzi wakubwa, inatumia kipimo hicho na inafanya kazi Kenya pia. Kujiandikisha kwenye orodha yao ni jambo moja, kupata cheti ni jingine. Cheti kinahitaji hati na ukaguzi. Kwa hiyo AGPO iwekeni kwenye faili la hoteli kama ushahidi wa nyongeza, lakini waulizeni kwa barua pepe: "Mnakubali cheti kipi?" Msilipie chochote kabla ya jibu hilo.

Kipimo hiki cha 51 kinaonekana chepesi kuliko 70, lakini kinachimba zaidi kwenye usimamizi. Someni katiba ya kampuni. Ikiwa inasema uamuzi mkubwa unahitaji wanahisa wote wanne, basi mwenye 30 anaweza kuzuia kila kitu, na mkaguzi makini atauliza ni nani hasa anayeongoza. Jiandaeni pia mwenyekiti aweze kueleza bei, mashine na wateja mwenyewe. Mkaguzi akiuliza bei ya kitambaa na macho yote yakamgeukia fundi, mmejijibu.

---

hesabu_kwanza

Mnunuzi kamaliza ya karatasi. Mimi nibaki kwenye bei, maana cheti kinafungua mlango na kinachoua kampuni ndogo ni ile miezi kati ya kupeleka mzigo na kulipwa.

Namba hizi ni za mfano, badilisheni ziwe za soko lenu. Ovaroli moja, bila VAT: kitambaa mita 3 kwa 250 ni 750. Zipu, uzi, vifungo na utepe wa kung'aa 200. Kushona 300. Nembo 80. Kufunga na kusafirisha, pamoja na feri, 30. Hapo ni 1,360. Ongezeni 40 kwa vipande vitakavyokataliwa, na 100 kwa kodi ya chumba, stima na matengenezo ya mashine. Jumla 1,500, yaani 300,000 kwa zote 200. Mkiuza 1,900, mauzo ni 380,000 na mnabaki na 80,000.

Hiyo 80,000 bado si yenu. Tuseme mmekopa 250,000 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi kwenye mkopo wote. Mkilipwa baada ya miezi 4, riba ni 20,000, mnabaki na 60,000. Miezi 8, riba 40,000, faida imekatika nusu. Kwa hiyo muda wa malipo ni sehemu ya bei, uandikwe kwenye karatasi ya hesabu kama zipu.

Sasa VAT, ambayo ndiyo inayoumiza watu wakiwa hawana habari. Kama mmesajiliwa VAT, invoisi ni 380,000 na 60,800 juu yake, jumla 440,800. Mlilipa VAT kwenye kitambaa na vifaa vya 190,000, ambayo ni 30,400. Tofauti, 30,400 nyingine, inadaiwa na KRA ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata iwe mmelipwa au hamjalipwa. Mteja akikaa na deni siku 90, ninyi mmeshamlipia kodi kutoka mfukoni. Wekeni kiasi hicho kwenye hesabu ya mtaji mnaohitaji, pembeni ya kitambaa.

Siku ya malipo pia hamtaona 440,800. Taasisi iliyoteuliwa na KRA inazuia VAT ya asilimia 2 ya thamani, 7,600, na kwa bidhaa zinazouziwa taasisi za umma kuna kodi ya zuio ya asilimia 0.5, hapa 1,900. Zinaingia 431,300. Pesa zilizozuiwa hazijapotea, zinahesabiwa kwenye kodi yenu, ila dai vyeti vyake kwenye iTax, tovuti ya kodi ya KRA, visipoonekana fuatilia mwezi huohuo.

Kama mauzo yenu ya mwaka hayajafika milioni 5 na hamjajisajili VAT, msiongeze 16% kwenye invoisi. Lakini ile 30,400 mliyolipa dukani haidaiwi kokote, inakuwa gharama: 152 kwa kila ovaroli. Gharama yenu ni 1,652, si 1,500. Mkiuza 1,900 mnabaki na 248 tu kwa kipande. Nafuu ni kwamba mshindani mwenye VAT anafika 2,204, kwa hivyo hata mkipandisha bei hadi 2,050, bado mko chini yake.

Invoisi itoke kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, ikiwa na PIN ya mnunuzi. Bila hiyo mnunuzi hawezi kuidai kama gharama, na ataiweka kando bila kuwaambia.

---

Fundi Kitambaa

Kwenye mita 3 hapo niongeze. Mita 3 za upana wa sentimita 150 zinatosha saizi ya kati. XXL inakula zaidi, karibu nusu mita. Tenda ikiandika "saizi mbalimbali" bila idadi, ulizeni kwa maandishi kabla ya siku ya kufunga. Ovaroli 60 za XXL ni mita 30 ambazo hamkuziweka kwenye bei.

Na kitambaa ambacho hakikurudishwa kiwandani, yaani kitakachorudi (kunywea) kikifuliwa, kitawaaibisha. Kabla ya kununua robota zima, nunueni mita moja. Kateni mraba wa sentimita 50 kwa 50, fueni mara tatu kwa maji moto, anikeni, pigeni pasi, pimeni tena. Ukitoka 48, kimerudi asilimia 4. Mguu wa sentimita 78 ndani utapungua sentimita 3, na mfanyakazi ataonekana amevaa ya mdogo wake. Pimeni urefu na upana kando, kwa kawaida urefu ndio hurudi zaidi. Ama badilisheni kitambaa, ama ongezeni kwenye kiolezo cha kukatia.

Shoneni mbili za sampuli zinazofanana. Moja mnunuzi aitie sahihi na tarehe kwenye lebo, mkae nayo ninyi. Kamati ya ukaguzi ikisema rangi si hiyo, mnaitoa.

---

mshonaji_likoni

Ahsanteni sana, tumeandika yote. Na huyu dalali? Anasema yeye atafanya kazi yote, sisi tutie sahihi tu.

---

hesabu_kwanza

Msikubali, dada. Tenda ya milioni 1 itaingia kwenye PIN yenu. Yeye anawapa 100,000, na KRA inaona ninyi mmeuza milioni 1. Risiti za gharama ziko kwa jina lake au hazipo kabisa, kwa hiyo kodi ya mapato mtaitozwa kwa faida ambayo hamkuiona. Akipeleka mzigo mbovu, anayeandikwa ni ninyi, na mamlaka ya ununuzi ina uwezo wa kuifungia kampuni isizabuni tena. Fungu hili lilitengwa kwa ajili ya watu wenye mashine chumbani kama ninyi. Kila cheti kinachokodishwa kinampa mwenye mtaji nafasi ya mwanamke mwingine anayeshona kweli.

---

Mnunuzi_Pwani

Nakubaliana naye neno kwa neno. La mwisho kuhusu malipo, kwa kaunti na kwa hoteli pia. Mhasibu analinganisha karatasi tatu: LPO (agizo rasmi la ununuzi), hati ya kupokelea mzigo, na invoisi. Jina la kampuni, idadi na bei zikitofautiana hata kidogo, faili inarudi chini ya rundo. Siku ya kupeleka, msitoke getini bila hati yenye sahihi, jina lililoandikwa kwa herufi za kusomeka, tarehe na muhuri. Wakipokea 194 na kukataa 6, iandikwe 194, na invoisi iwe ya 194.

Kwa kaunti, angalieni kalenda. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Mzigo wa mwisho wa Mei wenye invoisi ya katikati ya Juni ndio unaogeuka deni la mwaka uliopita. LPO ikija Mei, ulizeni kama mnaweza kupeleka sehemu mapema na kuinvoisi sehemu hiyo. Malipo yakichelewa, sheria inaruhusu riba, lakini ombeni kwa barua, haiji yenyewe.

Kwa hoteli, wakisema watalipa baada ya siku 60, ulizeni zinahesabiwa tangu lini. "Tangu mwisho wa mwezi wa invoisi" ina maana invoisi ya tarehe 2 inangoja karibu siku 90. Wanaotafuta kampuni za wanawake kwa dhati mara nyingi hukubali siku 30 kwa msambazaji mdogo wakiombwa kabla ya mkataba. Ombeni hilo kwenye mazungumzo yaleyale ya bei.

Anzeni na CR12 kesho, maana yote mengine yanaingoja hiyo.