MJADALA: Kampuni kubwa zilazimishwe kufungua maabara za utafiti hapa nchini?

Mwanzishaji mada, Malindi
Salaam waungwana. Wako wanaosema uvumbuzi ni kazi ya vyuo vikuu, kampuni ziachiwe biashara yao. Mimi nakataa. Sola inayowasha taa Faza na Siyu, kule kisiwani Pate, asili yake ni Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, AT&T. Daryl Chapin alikuwa akitafuta umeme wa mitambo ya simu kwenye sehemu za joto na unyevu, ambako betri kavu zilikufa upesi. Mwaka 1954, yeye na Calvin Fuller na Gerald Pearson wakaonyesha kipande cha silikoni kilichogeuza takriban asilimia 6 ya mwanga wa jua kuwa umeme. Shida ya biashara ndiyo iliyowasukuma. Transista nayo, ile swichi ndogo ya umeme iliyo ndani ya simu na kompyuta, ilitoka humo humo, 1947. Kampuni zinazovuna hapa kwetu zitenge fungu la utafiti, kwa sheria.

Fundi sola, Lamu
Kaka, umeruka jambo. AT&T ilikuwa karibu peke yake kwenye simu za Marekani, ndiyo maana iliweza kuwalipa wanasayansi miaka na miaka kabla ya kuuza chochote. Kampuni yenye washindani, hesabu zikibana, utafiti ndio wa kwanza kukatwa. Sheria yako itatuletea kibao mlangoni, ndani hamna mtu.

Na shida zetu nani anazichunguza? Huku chumvi inakula kila kitu. Navua mpira wa waya nakuta shaba imeshakuwa nyeusi, vichwa vya betri vimeota kutu ya kijani. Wanaoniuzia vifaa hawajawahi kuniuliza.

Mwalimu, Malindi
Msisahau serikali. Setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani, ilirushwa hapa Ngomeni tarehe 12 Desemba 1970. Ilikuwa ya NASA, shirika la anga la serikali ya Marekani, si ya kampuni.

Mwanzishaji mada
Mwalimu, sawa, lakini betri za fundi haziwezi kungoja bajeti ya serikali.

Fundi, hoja yako naichukua, na ndiyo inayonipa nguvu. Mwaka 1956 serikali ya Marekani iliibana AT&T mpaka ikakubali kutoa leseni za hataza zake za nyuma, yaani haki za uvumbuzi wake, bila malipo. Basi tusizibane kampuni zote. Aliyeshika soko karibu lote ndiye agharamie utafiti, na matokeo yawe wazi kwa mafundi. Hiyo waya nyeusi iwe kazi ya kwanza. Kwa sharti hilo, bado unapinga?