Tupeane uzoefu: gari lililofanyiwa marekebisho, mkono wa trafiki, na namna tunavyozungumza naye

Mwenye mada, Kinyerezi

Ndugu wadau, habari za majukumu. Naomba tupeane uzoefu kuhusu jambo linalotugusa wengi tunaoendesha magari hapa Dar es Salaam, nalo ni gari lililobadilishwa baada ya kutoka kiwandani na yale yanayofuata pale askari wa usalama barabarani anaponyoosha mkono na kututaka tuegeshe pembeni. Nazungumzia tinti, taa za kuongeza, eksozi zilizobadilishwa, magari yaliyoinuliwa au kushushwa, rangi mpya na namba za 3D, yaani vibao vya usajili vyenye herufi zilizoinuka.

Faini ya papo hapo ni shilingi 30,000 kwa kosa moja la gari, lakini kwa jinsi ninavyowasikia madereva wenzangu, kinachowaumiza zaidi ya fedha ni hisia kwamba kosa limeamuliwa kwa jicho la mtu. Tochi, yaani kifaa cha trafiki cha kupima mwendo, haileti tatizo hilo. Ukipigwa tochi kwenye kibao cha 50, unaonyeshwa picha ya gari lako pamoja na mwendo uliokutwa nao, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu na safari inaendelea. Unaweza kununa, lakini huna cha kubishia. Kwenye tinti mambo ni tofauti kabisa. Gari lile lile linapita Ubungo na Mwenge bila kuulizwa, kisha linasimamishwa Tegeta, na wala sijawahi kumwona askari akitoa kifaa cha kupimia kiasi cha mwanga kinachopita kwenye kioo, ingawa vifaa hivyo vipo, ni vidogo vya kushika mkononi, na vinatoa namba kama tochi inavyotoa. Naamini kwa dhati kwamba sehemu kubwa ya dharau na woga kati yetu na trafiki inazaliwa hapo, kwa sababu pasipo kipimo kila upande huanza kutafuta udhaifu wa mwenzake.

Natoa mfano wangu. Gari langu lina vioo vya nyuma vyeusi vilivyotoka hivyo kiwandani Japani. Askari mmoja alinisimamisha, akakagua leseni na bima, kisha akazunguka hadi nyuma, akaweka kiganja kwenye kioo na kusema hiyo ni tinti, niiondoe. Nilimwomba anipe nafasi nimwonyeshe. Nikashusha kioo cha mlango wa nyuma nusu, tukaangalia pamoja ukingo wake wa juu. Kioo chenye karatasi ya tinti huonyesha mstari mwembamba mahali karatasi inapoishia, na ukiupitishia ukucha unaugusa. Kioo kilichotiwa rangi kiwandani hakina mstari huo kwa sababu rangi imo ndani ya kioo chenyewe. Nikamwonyesha pia alama ya mtengenezaji iliyochapwa kwenye kona. Alipitisha kidole mwenyewe, akanirudishia leseni, akaniambia niendelee na safari. Hakuna aliyepaza sauti.

Naomba kila anayechangia aeleze alibadilisha nini, aliambiwa kosa gani na lilimalizika vipi. Tafadhali tusitaje majina ya askari wala vituo.

Mchangiaji, fundi umeme wa magari, Ilala

Ndugu mwenye mada, mimi nitazungumzia taa, na nitaanza kwa kusema kwamba katika suala hili trafiki wana haki mara nyingi kuliko wateja wangu.

Magari mengi ya Kijapani tunayoyaleta yana globu ya halojeni, na ile ya aina ya H4 hutoka na wati 60 kwa taa kali na 55 kwa taa hafifu. Mteja anakuja akitaka globu ya wati 100, au anataka taa nyeupe za HID (zinazowaka kwa gesi badala ya waya) au za LED zifungwe ndani ya kasha lile lile la halojeni. Globu ya wati nyingi inapitisha umeme mwingi kuliko ule ambao waya na soketi vilitengenezewa. Nimefungua soketi nyingi zilizoyeyuka na kugeuka kahawia, huku plastiki ikiwa imegandana na pini. Kwa upande wa HID, tatizo ni la mwanga wenyewe. Kioo kinachorudisha mwanga ndani ya taa kimekokotolewa kulingana na mahali waya mwembamba wa globu ya halojeni ulipo, hivyo ukiweka chanzo kingine cha mwanga chenye umbo tofauti, miale inatawanyika juu na pembeni. Dereva anafurahi kwa sababu mbele yake kuna weupe mwingi, lakini anayekuja upande wa pili haoni kitu, na mtembea kwa miguu aliyesimama katikati akisubiri kuvuka ndiye anayepotea machoni pa wote wawili.

Kabla mteja hajaondoka, nampeleka mbele ya ukuta ulionyooka, umbali wa mita tano hivi, nawasha taa hafifu. Taa iliyo sawa inachora mstari unaoonekana wazi, chini yake pana mwanga na juu yake pana giza. Mstari ukiwa umevurugika au umepanda, gari hilo litasimamishwa, na linastahili kusimamishwa. Ile mihimili ya LED inayofungwa juu ya paa iwashwe porini, na mjini ifunikwe. Vimulimuli vya bluu na nyekundu sivifungi kwa gari la mtu binafsi hata akinipa fedha nyingi, kwa sababu ving'ora na vimulimuli vikitumiwa na kila mtu, siku gari la wagonjwa litakapoomba njia hakuna atakayeliachia.

Mchangiaji, Goba

Wanaoishi huku kwetu wanafahamu hali ya barabara za ndani wakati wa masika. Nina Toyota IST, na nililazimika kuiinua kwa spesa, vile vipande vinavyowekwa kwenye springi kuongeza kimo, ili isigonge chini. Nilisimamishwa nikaulizwa kama gari limepitia kwa mkaguzi baada ya kuinuliwa. Nilikuwa nimelipeleka, nikaonyesha karatasi, na mazungumzo yakawa mafupi.

Ningependa kuongeza jambo ambalo mafundi wengi hawamwelezi mteja. Ukiinua gari, mwelekeo wa taa za mbele unaweza kubadilika, kwa hiyo lile zoezi la ukuta alilolieleza fundi hapo juu lifanyike upya. Pembe ya shafti inabadilika pia, na mipira yake huchanika mapema. Halafu kuna matairi. IST nyingi hutumia 185/65 R15, na wengi wetu tukishainua tunaweka tairi kubwa zaidi ili gari lijae. Ukiweka 205/65 R15, kipenyo kinaongezeka kutoka milimita 621 na nusu hadi 647 na nusu, yaani zaidi kidogo ya asilimia 4. Maana yake gari linasafiri kasi kuliko dashibodi inavyohesabu: mshale uliokuwa ukisoma 50 kwa usahihi sasa unasoma 50 huku gari likiwa kwenye 52. Mita nyingi za kiwandani huzidisha kidogo, hivyo huenda usidhurike, lakini ule mwanya uliokuwa unakukinga na tochi umekwisha. Nimewasikia watu wakiapa kwamba askari aliwabambikia mwendo, na ukitazama matairi yao unaona jibu lilipo.

Mchangiaji, Mikocheni

Nawashukuru kaka zangu kwa michango. Naomba niseme kwa niaba ya wanawake tunaoendesha peke yetu. Tinti kwetu haikuanza kama urembo. Foleni ikisimama, mkoba ukiwa kwenye kiti cha pembeni na simu mkononi, kibaka anapita katikati ya magari anachungulia kila dirisha. Kioo cheusi kinamnyima nafasi ya kuchagua, na sioni vibaya kulisema hili mbele ya askari yeyote.

Hata hivyo, naielewa pia hofu ya askari, hasa usiku. Anayelisogelea gari asiloweza kuona ndani yake hajui kama kuna mtu mmoja au wanne, wala wameshika nini. Kwa hiyo ninaposimamishwa baada ya jua kuzama, nawasha taa ya ndani, nashusha vioo vyote vinne, nazima muziki na kuweka mikono kwenye usukani kabla hajanifikia. Mwenendo wa mazungumzo hubadilika tangu salamu.

Lakini kuna siku niliambiwa nibandue karatasi pale pale barabarani kwa wembe, jua likiwa kali na watu wakiwa wamesimama kutazama. Nilikataa kwa adabu. Nilimwambia, "Afande, kama ni kosa niandikie, nami nitalipa na kwenda kuiondoa kwa fundi." Alisisitiza, nami nikarudia sentensi ile ile bila kuongeza neno. Mwishowe aliniandikia, namba ya malipo ikaja kwenye simu, nikalipa. Karatasi za vioo vya mbele nilizitoa jioni yake; za nyuma zipo hadi leo na hakuna aliyeniuliza tena. Ninachotaka kujua ni kipi kati ya vioo hivyo kilikuwa kosa, kwa sababu karatasi ya faini haikuniambia.

Mchangiaji, dereva wa bajaji, Mbagala

Kwetu faini ilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000 katika bajeti ya mwaka 2021, na tulishukuru. Mimi nimefunga spika nyuma na taa za rangi chini ya kiti cha abiria. Taa za rangi niliambiwa nizitoe kwa sababu zilionekana nyekundu mbele, nami nikakubali, maana anayekuja mbele anaweza kudhani ananiona mgongo. Spika sijaambiwa kitu.

Mchangiaji, Tabata

Naomba tusisahau kadi ya gari. Ndugu yangu alinunua gari ambalo mwenye nalo wa awali alilibandika karatasi ya kijivu juu ya rangi nyeupe. Likapendeza sana. Aliposimamishwa, askari alitazama kadi, akatazama gari, akatazama kadi tena: kadi inasema jeupe, gari ni la kijivu. Wote tunajua anayeiba gari hubadilisha kitu gani kwanza. Ilibidi afunue karatasi kwenye kona ya mlango ili weupe uonekane, kisha ikasomwa namba ya chesisi na kulinganishwa na ya kwenye kadi. Mpaka yaishe, mtoto aliyekuwa akimsubiri shuleni alikuwa amelia vya kutosha. Ukibadilisha rangi au injini, nenda TRA taarifa za usajili zibadilishwe. Ni usumbufu, lakini unafanyika kwa muda unaouchagua wewe.

Kuhusu namba za 3D sina huruma. Namba ya usajili ipo ili isomwe, na mtu aliyegongwa usiku akakimbiwa hana kitu kingine cha kushika isipokuwa herufi na tarakimu alizoziona.

Mchangiaji, Kigamboni

Wadau, mmezunguka pembeni ya jambo lenyewe. Kinachoendelea baada ya "fungua boneti" mara nyingi si faini, ni maelewano. Nimekaa kiti cha abiria na kumwona rafiki yangu akiweka noti ya elfu tano ndani ya leseni kabla hata hajaambiwa kosa. Kisha huyo huyo jioni analalamika kwenye kijiwe cha kahawa kwamba trafiki ni wala rushwa. Chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, anayetoa na anayepokea wote wana kosa, na namba 113 ya TAKUKURU hupigwa bila malipo.

Sisemi haya kuwatetea askari. Wapo wanaolizunguka gari wakitafuta tu pa kushikia. Wakikosa tinti wanauliza mtungi wa kuzimia moto, wakiuona wanauliza pembetatu, na unajua kabisa orodha hiyo haitaisha mpaka mkono uingie mfukoni. Tabia hiyo inachosha, na inawavunjia heshima askari wengi wanaosimama juani kutwa nzima wakituongozea foleni. Lakini elfu tano ile ilimfundisha yule askari kwamba taa zisizo halali za rafiki yangu zina bei nafuu kuliko faini, na taa hizo bado zinawaka Kibada kila usiku.

Mchangiaji, Mbezi

Nigusie eksozi kwa ufupi. Ukiambiwa na fundi kwamba akitoa masega, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la eksozi, gari litakuwa jepesi na kupunguza ulaji wa mafuta, muulize masega hayo yanakwenda wapi. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yenye thamani kubwa, na yana wanunuzi. Kwako itabaki kelele, harufu kali na taa ya injini kwenye dashibodi, kwa kuwa sensa iliyo nyuma ya masega inagundua kwamba kazi ya kusafisha moshi haifanyiki. Halafu unasimamishwa kwa kelele.

Mwenye mada, Kinyerezi

Nawashukuru nyote. Swali la dada wa Mikocheni ndilo lililonigusa kuliko yote, kwa sababu alilipa faini bila kujua ni kioo kipi alicholipia. Napendekeza tuandike barua kwa Baraza la Taifa la Usalama Barabarani tukiomba mambo mawili: kiwango cha tinti kinachokubalika kwa kila kioo kibandikwe mahali pa wazi kama vile vituo vya mafuta na sehemu za kuoshea magari, na askari wapewe kifaa cha kukipima. Fundi wa Ilala, naomba uandae aya inayohusu taa, maana umeieleza vizuri kuliko nitakavyoweza mimi.

Kuna uzoefu mmoja ambao haujaletwa hapa. Dereva asiyekubali kosa ana haki ya kutolipa papo hapo na suala lake likapelekwa mahakamani. Kama yupo aliyefanya hivyo kwa ajili ya tinti au taa, tunaomba atueleze aliulizwa nini, upande wa mashtaka ulileta ushahidi gani, na kama kuna yeyote pale mahakamani aliyekipima kioo.