Diploma ya misitu na wanyamapori bila kuingia msituni, huu ni usanii

Wakuu, nimevumilia miaka miwili, leo acha niseme.

Wiki hii nimetoka kwenye usaili. Hakuna aliyeniuliza swali la madesa. Nilitolewa nje, nikapewa futi kamba, nikaonyeshwa mti wenye panda uliosimama kwenye mteremko. "Pima kipenyo." Basi.

Kanuni naijua: usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Nimeijibu kwenye pepa sijui mara ngapi. Lakini ardhi ipi, ya upande wa juu wa mteremko au wa chini? Na panda ikianzia chini ya kifua, hiyo ni miti miwili au mmoja? Nikauzunguka ule mti kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mwisho nikataja namba niliyoisoma, kumbe ile ni mzingo, sijagawa kwa 3.14. Jamaa aliyenifuata ana cheti tu, yuko ngazi ya chini yangu. Alisimama upande wa juu, akapima kila shina kivyake, akagawa, akaondoka. Chuo chake huwa kinawapeleka fildi.

Sisi pesa ya fildi tumelipa kila muhula, risiti ninazo. Tulichopata ni safari moja ya basi, siku mbili, tukiangalia wanyama dirishani kama watalii. Mwalimu mwenyewe alikuwa anapiga selfi. Tuliporudi tukaambiwa tujaze logibuku za wiki sita. Wiki sita! Kila mtu akatunga zake, zikagongwa muhuri.

Klinomita ya kupimia urefu wa mti chuo kinayo, moja. Iko kabatini, na mwenye ufunguo kila siku "ametoka kidogo". Ramani za kompyuta hatukufundishwa kwa sababu eti programu ni ghali. QGIS ni ya bure, wakuu. Unaipakua tu. Ghali iko wapi hapo?

Upande wa wanyamapori ndiyo kichekesho kabisa. Njia ya kukadiria idadi ya wanyama kwa kukamata, kutia alama na kukamata tena tumeisoma kwa maharage kwenye boksi. Unatia alama 40, unachanganya, unachota 50, ukikuta 10 zina alama unasema humo zipo 200. Hesabu ni sahihi, sibishi, na kwa siku ya kwanza maharage yanatosha. Lakini njia hiyo inadai waliotiwa alama wachanganyike na wenzao, na wasiwe wepesi wala wagumu kukamatika kuliko wengine. Harage halikimbii mtego. Mnyama aliyeshanaswa mara moja anakwepa, na mwingine akionja chambo anarudi kila usiku, na hesabu yote inaharibika. Hilo nimekuja kulisoma mwenyewe, baada ya kumaliza.

Tafsiri ya msitu ya FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, naikariri hata usingizini: eneo linalozidi hekta 0.5, miti inayozidi mita 5, matawi yafunike zaidi ya asilimia 10. Hakuna hata siku moja niliyosimamishwa chini ya miti nikaambiwa angalia juu, hii ni asilimia ngapi?

Na kabla hamjaanza "ungejiongeza": kujiongeza wapi? Hifadhi haiingiliki kienyeji, ukikutwa ndani na futi kamba bila barua utajieleza vizuri. Barua ya utambulisho inatoka chuo, na tuliiomba mara mbili. Tulijibiwa tusubiri ratiba. Ratiba yenyewe mpaka tunafanya mtihani wa mwisho haijabandikwa.

Mliosoma kozi hii vyuo vingine, semeni mlikaa fildi siku ngapi hasa, siyo za kwenye logibuku. Tuko kumi na moja tunaandika barua ya kudai pesa ya fildi irudishwe, na nataka siku zenu niziweke humo. Anayejua hizo barua zinaanzia mezani kwa nani ili zisiishie masjala, aniambie hapa hapa, inboksi sijibu.