Je, semantiki rasmi inaweza kuueleza usambamba katika lugha vivu?

Swali, kutoka Lamu

Assalaam alaykum. Ninajifunza Haskell, lugha ya programu iliyo “mvivu”, yaani isiyokokotoa usemi mpaka uhitajike, na jambo moja kuhusu usambamba, yaani kazi kugawanywa kwa prosesa nyingi kwa wakati mmoja, limenitatiza. Katika semantiki dinotesheni, ambayo huipa kila programu maana yake kama fanksheni ya hisabati, usemi `par a b`, unaopendekeza `a` ikokotolewe sambamba na `b`, una thamani ileile ya `b`. Basi nadharia hiyo haitofautishi programu inayotumia prosesa nane na inayotumia moja. Je, ipo njia rasmi ya kuieleza tofauti hiyo, au tumebakiwa na kuipima kwa saa tu?

Jibu, kutoka Malindi

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Upofu huo usiuhesabu kuwa kasoro, kwani ndio dhamana kwamba `par` haitabadilisha jibu popote utakapoiweka. Ulitakalo limo katika semantiki oparesheni, inayofuata hatua za ukokotoaji. Mwaka 1993 mtaalamu wa kompyuta John Launchbury alitoa kanuni za ukokotoaji mvivu ambamo hifadhi ya kumbukumbu inaonekana wazi: jina hufungwa kwenye usemi ambao haujakokotolewa, na usemi huo ukishahitajika, thamani yake huandikwa palepale ili kazi isirudiwe. Ni kama fundi wa jahazi kule kwenu Matondoni ambaye hapasui ubao mpaka utakiwe, na akishaupasua, kila mwenye haja huutumia uleule. Mwaka 2000 watafiti Baker-Finch, King na Trinder waliupeleka mtindo huo kwenye usambamba. Kila jina hubeba alama ya hali yake: halijaanza, liko tayari, linakokotolewa, au limezuiliwa likingoja jingine. Hatua za prosesa zote huchukuliwa kwa pamoja, kisha huunganishwa, hivyo waweza kuhesabu kazi na muda kwa idadi yoyote ya prosesa. Kwangu mimi, alama hizo ndizo kiini cha jambo lote.

Jibu la pili

Naongeza tahadhari. `seq a b` husema tu kwamba `a` ikikosa thamani, usemi mzima umeikosa. Haisemi `a` itangulie. Kompaila, yaani programu inayoutafsiri msimbo kwa ajili ya mashine, inaruhusiwa kuanza na `b`, na ndiyo sababu ikawekwa `pseq`, inayolazimisha utaratibu.

Muulizaji

Nawashukuru nyote. Nilikuwa nimeandika `par x (seq y (x + y))`, na sasa naona kwamba `x` ingeweza kukokotolewa kwanza na uzi uleule, yaani mfuatano uleule wa ukokotoaji unaohitaji jibu, usambamba ukapotea. Nimeweka `pseq`, na usiku huu nitazifuata hatua zake kwa kalamu, kwa prosesa mbili, kabla sijaipima kwa saa.