Naomba ushauri: nimebaki nyumbani kulea, nifanyeje nione ni wito?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni mke na mama wa watoto wawili, tunaishi Morogoro. Niliacha kazi ya uhasibu alipozaliwa wa pili. Tuliliombea na mume wangu, tukakubaliana, na ananitunza vizuri.

Shida ni moyo wangu. Naamka alfajiri, nakoroga uji, nafua, nadeki. Ikifika jioni sakafu ina makombo tena na beseni la nguo limejaa. Wifi akiniuliza, "Siku hizi unafanya kazi gani?" nakosa jibu.

Kanisani akina mama tunafundishwa sana Mithali 31, sura ya Biblia inayomsifu mke mwema, lakini yule mwanamke ananunua shamba (mstari wa 16) na kuuza nguo za kitani (wa 24). Mimi sina hata genge la nyanya! Linalonishika zaidi ni neno la Wakolosai 3:23, kufanya kila kazi kwa moyo kama kwa Bwana.

Dada zangu mliotangulia, mlifanyaje kazi za nyumbani zikawa ibada? Mnasali saa ngapi mkiwa na mtoto anayenyonya? Na je, nianzishe mradi mdogo sasa, au nisubiri aanze chekechea?