Kwa nini ndoto nyingine huwa dhahiri kuliko mchana wenyewe?

Muulizaji (Wete, Pemba):
Assalaam alaykum ndugu zangu. Tangu msiba wetu nimekuwa nikiota ndoto zilizo dhahiri kiasi kwamba nikiamka, chumba changu ndicho kinachoonekana kama kivuli. Juzi nilimwona marehemu baba ameketi barazani juu ya mkeka, anachambua karafuu na kutenga makonyo kando, na vidole vyake nikavitambua kimoja kimoja. Adhana ya alfajiri iliponiamsha nilitoka kumtafuta kabla sijakumbuka kuwa tumemzika. Je, huu ni ugonjwa, au ni ujumbe?

Mchangiaji wa kwanza (muuguzi, Dodoma):
Pole sana kwa msiba. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kipindi cha usingizi ambamo macho huchezacheza kwa kasi chini ya kope. Kipindi hicho hurudi takriban kila dakika 90, tena hurefuka kadiri kunavyokaribia kucha, na ndiyo maana ndoto inayokatizwa na adhana hukumbukwa kwa urahisi. Wakati huo sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima na kuhoji, hupunguza kazi yake, ilhali sehemu zinazobeba hofu na huzuni huchangamka. Kwa hiyo baba akitokea, hakuna ndani yako anayeuliza iweje yupo hapa naye amefariki, na hisia zote hupita bila kupingwa. Mchana hatupewi nafasi ya kuamini kitu kikamilifu namna hiyo.

Hata hivyo, angalia dawa unazotumia. Efavirenz, ambayo wengi wa wanaotumia ARV waliimeza kabla ya dolutegravir kushika nafasi yake, iliwaotesha watu ndoto kali, hasa ikimezwa baada ya chakula chenye mafuta mengi. Mefloquine ya malaria nayo ni hivyo hivyo. Pombe na baadhi ya dawa za sonona hubana kipindi hiki cha usingizi, na mtu akiziacha ghafla ndoto hurudi kwa nguvu. Usiache dawa yoyote kabla ya kuzungumza na aliyekuandikia.

Mchangiaji wa pili (Mombasa):
Naafiki maelezo ya muuguzi, wala sioni yakigongana na dini. Mtume (S.A.W.) amezigawa ndoto katika mafungu matatu: bishara njema itokayo kwa Mwenyezi Mungu, huzuni itokayo kwa shetani, na yale ambayo mtu huizungumzia nafsi yake. Mwana aliyefiwa karibuni ana mengi ya kuizungumzia nafsi yake. Ninachokusihi ni kwamba usimpe mpiga ramli fedha zako ili akufasirie, kwa kuwa atakuuzia hofu. Mwombee baba, mtolee sadaka ukijaliwa, na ndoto hiyo msimulie anayekupenda tu.